Jitafute

Mpiga picha nikimwona tu, nyongo inanipanda. Sisemi mmoja, nasema wote, na kamera zao zinazoning'inia shingoni, na ile tabia yao ya kukuambia "tabasamu kidogo, dada" kana kwamba mdomo ni wa kwao. Mimi ni mhudumu wa karamu. Kazi yangu ni kusimama ukutani nyuma ya meza kuu, pale wanapokaa maharusi na wazazi wao, nikiangalia glasi ipi imekauka na sahani ipi iondoke. Na meza kuu ndiyo inayopigwa picha kuliko kitu chochote ukumbini. Kwa hiyo nilijifunza. Kamera ikigeukia upande wangu, sinia linapanda hadi puani. Wenzangu wakadhani ni mbwembwe, wakaniita Sinia, na jina likanikaa.

Hazikuwa mbwembwe. Nilikuwa nimemkimbia mwanamume.

Nikimtaja namwita Mheshimiwa, na heshima haimo. Alitaka akiingia nyumbani tusimame, mimi pamoja na mtoto ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama. Taya langu la kushoto mpaka leo hulia nikitafuna kitu kigumu. Alikuwa ameshaapa mbele ya mama yangu mzazi kwamba siku nikitoka, mtoto ni wake na sitamtia machoni tena. Nilimwamini, maana katika mambo ya ukatili yule bwana hakuwahi kusema uongo. Siku niliyoondoka nilisubiri aende kazini, nikamfunga mtoto mgongoni, halafu nikapita nyumba nzima nikikusanya kila picha yenye uso wangu. Za ukutani, za kwenye albamu, hata ile ndogo ya kitambulisho cha zamani iliyokuwa imesahaulika kwenye droo ya soksi. Nyingine nilizichana, nyingine nikazichoma ndani ya sufuria. Nilitaka akija kuniulizia kwa watu, abaki kueleza kwa mikono: mrefu hivi, mweusi hivi. Wanawake warefu weusi tumejaa dunia nzima.

Mtoto sasa yuko darasa la pili. Namwita Kijino. Baba yake hamkumbuki, na mimi sikumkumbusha. Nilikataa apigwe picha na darasa lake, nikakataa kwenye sherehe za watoto wa majirani, nikaitwa mshamba, mwenye kiburi, mwenye wivu na mtoto wake mwenyewe. Mama yangu nilimpigia mara chache kwa simu za kuazima, na sikumwambia niko mji gani. Sikuwa naishi vizuri, lakini nilikuwa naishi na mwanangu, na hilo ndilo nililolitaka.

Basi mwaka huu Bwana Fleshi akatuletea maendeleo.

Bwana Fleshi ndiye mpiga picha wa ukumbi tunaofanyia kazi mara nyingi. Huvaa kizibao chenye mifuko kila mahali na ndani ya mifuko hiyo hamna kitu. Alibandika bango kubwa mlangoni: JITAFUTE. Maelezo yake yalikuwa mepesi. Mgeni anapiga uso wake kwa simu, anautuma, na mashine inamletea kila picha aliyomo, katika kila shughuli ambayo Bwana Fleshi amewahi kupiga. Wageni walifurahi kama watoto. Waliziba mlango mzima wakijipiga nyuso, sisi na masinia yetu tukipita ubavu ubavu. Mimi bango lile nililiona kama tangazo la dawa ya meno. Sikuwa mgeni, kwa hiyo halikunihusu.

Aliyenifumbua macho ni Kiredio, mhudumu mwenzangu, ambaye tangu nimjue hajawahi kuzimika. Mchana mmoja tulikuwa jikoni nyuma ya ukumbi tukifuta uma na vijiko kwa ajili ya shughuli ya jioni. Akaniita, "Sinia, hebu tazama huku." Nikageuka na uma mkononi, naye akanipiga picha kwa simu yake.

"Acha ujinga wako," nikamwambia. "Futa hiyo."

"Subiri kwanza, nataka kuona kama mashine inajua watu wa jikoni."

Ilitujua. Picha zilianza kuteremka kwenye kile kioo na hazikutaka kuisha. Mimi nyuma ya bibi harusi huyu, mimi nyuma ya yule, mimi pembeni ya keki, mimi naokota kijiko chini ya meza ya wazee. Katika nyingine lilionekana jicho moja tu na kipande cha paji la uso juu ya sinia, na bado mashine ilisema ni mimi. Miaka yote nilidhani sinia linanificha, kumbe lilinificha kwa binadamu tu. Wenzangu wakacheka wakishikana mabega. Mmoja akasema Sinia amehudhuria harusi nyingi kuliko shetani.

"Zitoe," nikamwambia Kiredio.

"Nitoe nini, dada yangu? Hazimo kwangu, zimo mtandaoni. Mtu yeyote anaziona."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote mwenye picha yako. Hata ya zamani. Inatosha moja."

Bosi wetu, ambaye sote tunamwita Bimkubwa, alikuwa anaonja mchuzi. Akanitazama juu ya mwiko. "Na wewe umezidi. Unaficha nini hicho kila siku? Mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa, Bimkubwa," nikamjibu. "Ndiyo maana nauficha."

Nikavua aproni, nikaitundika kwenye msumari, nikatoka kabla hajapata la kusema.

Studio ya Bwana Fleshi iko ghorofani juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi hupanda ngazi pamoja nawe. Nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta anakula chungwa. Nyuma yake palikuwa na shuka jeupe limetandazwa ukutani, na taa kubwa ya mguu mrefu imesimama kando.

"Karibu, dada Sinia. Leo umeamua kupiga picha?"

"Nimekuja zile zangu zote zitoke, kaka."

"Zipi? Wewe hujawahi kunipa kazi."

"Hizo hizo ambazo sijakupa."

Akatema mbegu kwenye kiganja. Akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba picha ni mali ya mwenye shughuli, na mimi nimo ndani yake kama viti vilivyomo na mapazia yalivyomo.

"Kiti hakitafutwi kwa sura," nikasema.

"Basi kuna utaratibu. Nami si mtu mbaya. Ukitaka mashine isikuonyeshe, unatuletea picha zako za uso. Ya mbele, ya kulia na ya kushoto, kwenye mwanga mzuri, bila kitambaa kichwani. Na kitambulisho."

"Yaani ili unisahau, ni lazima kwanza unikariri."

"Si mimi, ni mashine. Itamjuaje wa kumwacha kama haimjui?"

Nilimwambia neno ambalo mama yangu hajui kama nalijua. Halikumkera hata kidogo. Watu wa aina yake hawakereki, kwa sababu wana hakika kwamba aliyekasirika ndiye mjinga. Akafuta vidole, akachezacheza na kompyuta, na sura yangu ikajaa pale kwenye kioo, kubwa kuliko nilivyowahi kuiona.

"Halafu sikuelewi," akasema. "Wenzako wanalilia kuonekana. Wewe una shabiki kabisa, na unataka kutoka."

"Shabiki gani?"

"Kuna mtu ameweka kengele kwenye sura yako. Ni huduma yetu mpya. Ukiipenda sura fulani, tuseme ya mchumba, unaiwekea kengele. Kila picha yake mpya ikipanda, wewe unapata ujumbe: yuko ukumbi fulani, siku fulani. Wazazi wanaipenda sana."

Alilisema kama mtu anayekusifia kitambaa dukani. Nikamwambia anionyeshe picha aliyotumia huyo mtu kunitafuta. Akasita, lakini kujisifu kukamshinda, akaifungua.

Ilikuwa picha ya picha. Mimi siku ya harusi yangu, nimekaa, shela limerudi nyuma, na Mheshimiwa amesimama pembeni yangu kidevu juu kama anayesubiri kupigiwa saluti. Juu ya kioo cha fremu kulikuwa na mng'ao wa dirisha, na pembeni kabisa limeingia pindo la pazia lenye maua ya zambarau. Lile pazia nililipiga cherehani mimi mwenyewe. Liko sebuleni kwa mama yangu.

Nyumba yangu niliipekua mpaka soksi. Ya mama sikuigusa.

Nikachukua simu ya Bwana Fleshi pale mezani, bila kumwomba, nikapiga namba ya mama. Aliitika haraka. Aliposikia ni mimi hakuniuliza hali. Alisema, "Mwanangu, umekonda."

"Umejuaje kama nimekonda?"

"Nimekuona. Umesimama nyuma ya bibi harusi mmoja hivi, mnene mnene, umeshika sinia. Shingo imebaki kijiti. Unakula kweli huko?"

"Mama, simu yako ni ya vitufe. Umeniona kwa simu ya nani?"

Nilisikia redio yake nyuma, watu wanasoma habari.

"Ya mkwe wangu," akasema.

"Mkwe wako yupi?"

"Nina wangapi? Alikuja na sukari na mafuta. Akakaa pale pale chini ya picha yenu, akalia. Mwanamume mzima, mwanangu, machozi yanashuka hayana hata aibu. Akaniuliza, mama, wewe hutaki hata kumwona? Ningemjibu nini? Miaka yote unaniletea sauti tu. Ningejuaje kama u mzima, sauti haina uso. Akaipiga ile picha ya ukutani, dakika hiyo hiyo ukatokea. Unatembea, unahudumia watu. Usiku ule nililala usingizi wa kweli."

"Umeniuza, mama."

"Nani amekuuza? Nimekuona. Mtoto wangu nimemwona, hilo nalo ni kosa? Na mume ni mume. Amesema amebadilika, anataka mkae mzungumze, mtoto apate baba. Mimi sikumwambia unakaa wapi, maana sijui."

"Sasa anajua yeye."

Alianza kusema kitu kuhusu subira. Nikakata simu. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawasemi ufanyeje kikiwa ndicho kilichokuzaa. Nilimchukia mama yangu pale nilipokuwa nimesimama, na nilimchukia zaidi kwa sababu nilikuwa namwona, na miwani yake ya kamba, ameinamia simu ya mtu aliyenivunja taya, akitafuta kama shingo yangu imenenepa.

Bwana Fleshi alikuwa ameacha kutafuna. "Mambo ya familia," akasema, "siku zote yana mwisho mzuri."

"Mweke huyo wa pembeni."

"Yupi?"

"Huyo mwanamume kwenye picha ya harusi. Ukate uso wake, uuweke kwenye hiyo mashine yako. Nataka kumwona na yeye."

"Hapana, dada. Yule ni mteja wetu. Kuna faragha ya mteja."

Nilicheka mpaka taya likauma. Faragha ilikuwepo basi, tena hapo hapo studio, kumbe ina foleni yake na wahudumu wa karamu hatumo. Nikaishika ile taa yake kubwa shingoni, nikaitoa pale iliposimama. Nilimwambia nitaiangusha juu ya kompyuta, halafu nitaiangusha tena. Aliniangalia usoni kuona kama nina utani, akaona hamna, akakata uso wa Mheshimiwa na kuuingiza.

Picha zikaja.

Alikuwa amefuga ndevu na kuvaa miwani. Mvi zimemwingia. Mimi ningempita njiani na kumwamkia, na kwa kweli nilikuwa nimeshampita, maana katika picha moja yuko meza ya nyuma, suti ya kijivu, mbele yake sahani, na kwenye meza inayofuata ni mimi namimina maji. Nimempa kisogo. Yeye amekitazama kile kisogo na uma umesimama hewani. Katika nyingine yuko katikati ya wageni wanaopiga makofi. Nyingine yuko mlangoni anaagana na watu wasiomjua. Aliingia harusi za watu, akala chakula nilichokibeba mimi, akaniachia sahani yake niiondoe. Mhudumu hatazami nyuso, anatazama sahani. Hilo alilijua, au alilijifunza kwenye harusi ya kwanza.

"Teremka chini," nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Ya mwisho haikupigwa ukumbini. Ilipigwa uani, nyuma ya jiko letu, kwenye kreti za soda. Mheshimiwa amechuchumaa, suti na miwani, anatabasamu kwenye kamera. Mkono wake umetulia begani kwa mtoto aliyevaa sare ya shule, mwenye chupa ya soda na mrija, anayecheka na pengo lake lote la mbele wazi.

Ile siku naikumbuka. Walimu walikuwa na mkutano, shule ikafungwa mapema, na Mama Jirani, anayenichukulia mtoto kila siku pamoja na wake, alikuwa kitandani na homa. Nikaja naye kazini. Nilimweka pale kwenye kreti na daftari lake la kuchora, nikamwambia ukumbini asikanyage. Hakukanyaga.

"Aa, huyu mzee," Bwana Fleshi akasema, na akaanza kujisahau, sauti ikamrudia. "Huyu mpole sana. Yeye ndiye aliyenivuta kule uani. Akasema, kaka, nipige na binti yangu. Tena mcheshi. Akamwambia mtoto, usimwambie mama, atakugombeza kwa kunywa soda ya wageni. Tulicheka sana."

"Mlicheka."

"Si utani tu, dada. Mtoto naye alicheka."

"Picha ameshaichukua?"

Akaangalia. "Jana. Alijitafuta kwa sura yake mwenyewe, kama mtu yeyote. Hakuna alichovunja."

Simu ilikuwa bado mkononi mwangu. Namba ya Mama Jirani ninayo kichwani, nikaipiga. Alipokea akiwa na furaha, na ile furaha yake ndiyo iliyoniambia kila kitu kabla hajafungua mdomo.

"Mama Kijino, kumbe baba yake amerudi safari na hukuniambia?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Si amemchukua pale shuleni? Mwalimu alikataa mwanzoni, usifikiri tulimtoa tu. Alisimama imara kabisa, akasema simjui. Basi mwanamume wa watu hakugombana, akatoa simu, akatuonyesha picha. Yeye na mtoto, kamshika bega, mtoto anacheka mpaka pengo. Na mtoto mwenyewe akasema, huyu namjua, alininunulia soda. Tungesema nini tena? Akasema mnakutana ukumbini, mnataka kumfanyia mtoto jambo la kumshangaza." Furaha ikaanza kumtoka. "Mama Kijino? Nimekosea?"

Nikakata simu. Nilichokuwa nacho mdomoni ni tusi, na yeye hakulistahili. Aliyestahili alikuwa amekaa mbele yangu na ganda la chungwa. Nikakimbia mpaka ukumbini kwanza, kwa sababu ndiyo ahadi aliyoitoa, ingawa nilijua kwamba mtu haachi anwani anapoiba. Jikoni Kiredio alinitazama mara moja, akanyamaza bila kuambiwa, akaenda kutafuta uani. Bimkubwa akatoka nje na mwiko mkononi, akasimama barabarani akitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Nikashika njia ya kituo cha polisi, na Bwana Fleshi akanifuata nyuma na kompyuta kwapani, jasho linamtiririka, akirudia kwamba yeye alipiga picha tu. Sikumwita, wala sikumfukuza. Nilikuwa namhitaji, na hilo nalo nililiongeza kwenye hesabu ya mambo yanayonifanya nimchukie.

Afande aliyekuwa zamu alituweka mbele ya meza yake. Alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya taratibu. Aliuliza jina la mtoto, umri, nguo alizovaa. Niliyajibu yote.

"Picha yake unayo?"

"Sina."

"Kwenye simu?"

"Sina hata moja."

Akainua macho. "Mama, mimi nina wajukuu, simu yangu imejaa mpaka haipokei ujumbe. Wewe mama mzazi huna picha ya mtoto wako?"

"Nilikuwa namficha, afande."

"Unamficha nani?"

"Baba yake."

Akaweka kalamu chini. Nikaona uso wake unabadilika polepole, na nikajua kwamba kuanzia pale mimi ndiye ninayehojiwa. Nilimweleza taya, nikamweleza kiapo, nikamweleza kengele na harusi. Alisikiliza. Lakini mtu akikueleza kwamba mashine ya picha za harusi imemwibia mtoto, na wewe umekaa kituoni miaka yote ukisikia mambo, unaanza kutafuta kichaa ni nani katika hadithi hiyo.

"Picha ipo," Bwana Fleshi akasema kwa sauti ndogo. "Moja." Akafungua kompyuta, akaigeuza.

Afande aliitazama kwa muda mrefu. Nami nikaitazama kwa macho yake, na nikaona kile ambacho mwalimu alikiona. Baba aliyevaa vizuri. Binti mwenye furaha. Hapakuwa na mahali pangu.

"Huyu mtoto anacheka, mama."

"Alikuwa amepewa soda."

"Sisemi unadanganya. Tutawapigia wenzetu wa stendi na wa barabara kuu. Lakini nikiisambaza hii kwa watu, niwaambie wamtafute nani? Hapa kila mtu ataona mzee na mwanawe wametoka matembezini."

"Mkate," nikamwambia Bwana Fleshi. "Mtoe. Abaki mtoto peke yake."

Alikaa kwenye benchi la wageni, kompyuta mapajani. Akakata miwani, ndevu, suti. Akasogeza mstari, akakata tena. Mheshimiwa akaondoka kipande kwa kipande, mpaka vikabaki vile vidole vyake vinne juu ya bega la sare, na kucha zake safi. Akisogeza mstari zaidi, analikata shavu la mtoto.

"Naweza kuuondoa huu mkono," akasema, "lakini inahitaji muda wa kutulia. Nikifanya haraka uso utaharibika."

"Usiguse uso. Tuma hivyo hivyo."

"Kwa nani?"

"Kwa kila mtu. Wageni wako wote, wenye harusi wote, kila namba uliyonayo."

Akaandika maneno chini ya picha kama nilivyomtajia, na namba ya kituo, akanitazama. Nadhani alitaka nimwambie kwamba namsamehe. Nikamwambia abonyeze. Uso ambao nilikuwa nauziba kwa mwili wangu tangu haujaota meno ukaondoka pale kituoni kwenda kwa watu nisiowajua.

Kwenye benchi la mbele yetu walikuwa wamekaa wanawake wawili waliokuja kwa shida zao. Simu ya mmoja ikalia. Akaitoa kwenye mkoba, akaisogeza karibu na macho, akatabasamu, akamgusa mwenzake kwa kiwiko ili naye aone.

"Mtoto mzuri huyu," akasema. Maneno ya chini alikuwa bado hajayafikia.